Ukiletewa MG Likasi: Mwongozo kwa Asiyejua Linalomjia

Habari huja kwa simu, na mara nyingi huja Jumapili jioni. Shemeji yako wa Brussels, yule aliyezoea kukutumia mashati, anasema safari hii si shati. Kuna mzee wa Kibelgiji anauza gari lake la mwaka 1948, la Kiingereza, la viti viwili, lisilo na paa, jekundu, limekarabatiwa lote. Kabla hujajibu picha zimeshajaa kwenye simu. Unaziangalia. Unampa mkeo naye aziangalie. Mkeo anauliza watoto watakaa wapi. Hilo ndilo swali la busara la kwanza kuulizwa juu ya gari hili, na mwongozo huu umeandikwa kwa kuwa kwa kawaida huwa ndilo la mwisho.

Gari lenyewe ni MG TC. Liliundwa Abingdon, mji mdogo karibu na Oxford, kuanzia mwishoni mwa 1945 hadi 1949, na kwa jumla yalitoka kama 10,000. Uingereza ilikuwa imeshinda vita na kufilisika kwa mkupuo mmoja. Chuma kilitolewa kwa mgawo, na kiwanda kilichouza nje ndicho kilichopewa. Basi MG wakachukua gari lao la kabla ya vita, wakalipanua kidogo pale viwiko vinapogombana, wakalipakia melini. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,250 na nguvu ya farasi 54. Magurudumu ni ya spoki, makubwa na membamba, inchi 19. Uzito haufiki kilo 800. Likiwa na afya na barabara ikiwa tupu hukaribia kilomita 120 kwa saa, na wewe utaapa ni 200, kwa sababu makalio yako yako karibu na lami kuliko yalivyowahi kuwa tangu ulipojifunza kutembea.

Miaka hiyohiyo mji wako ulikuwa ukiitwa Jadotville, na shaba ya Shituru ilikuwa ikienda Ulaya shehena kwa shehena. Huenda nyaya za gari hilo zina shaba ya hapa nyumbani. Usimwambie shemeji, atasema linarudi kwao na ataongeza bei.

Tuanze na upande wa usukani. Kwetu magari hupita kulia. MG TC zote, bila kubakiza hata moja, zilitengenezwa na usukani kulia, hata zile walizouziwa Wamarekani. Likasi hatushtuki sana kwa hilo: magari ya Kijapani yaliyoteremshwa Dar es Salaam tumeyazoea, ingawa serikali ilishapiga marufuku kuyaingiza, na jambo hilo pamoja na masharti ya umri wa magari ya mitumba ulimalize kwa karatasi kabla meli haijang'oa nanga, si baada. Ukishafaulu, furahia. Kutoka bandarini Dar, kupitia Tunduma na kuikata Zambia, gari litakuwa upande wake halali njia nzima. Pale Kasumbalesa ndipo dunia inapogeuka, na kutoka hapo hadi nyumbani itakubidi upite malori.

Malori ya barabara ya taifa namba 1 unayajua: shaba kwa vifurushi, kobalti kwa magunia, matangi ya asidi. Ndani ya TC kichwa chako kiko usawa wa kitovu cha gurudumu la lori, na uko upande usioona mbele. Kwa hiyo usiwahi kwenda Lubumbashi peke yako. Ni kilomita 120 hivi, na kila moja yahitaji mtu wa kukaa kushoto akaze shingo na kusema "pita" au "bado". Mchague vizuri. Mjomba anayesinzia garini hafai. Kijana anayetaka kukupendeza hafai zaidi, kwani atasema "pita" kila mara. Anayefaa ni mtu mwenye madeni mjini na mwenye sababu ya kutaka kufika.

Mtu huyo ana kazi nyingine pia. MG, kwa hekima yao, waliiweka saa ya kuonyesha mwendo mbele ya abiria. Dereva amewekewa saa ya mizunguko ya injini, ambayo ni nzuri kutazama na haimwambii lolote linalomhusu askari. Juu ya hayo, saa ya mwendo huhesabu maili. Askari wa rulaji, yule wa barabarani, akikusimamisha kwenye mteremko na kuuliza ulikuwa unakwenda kwa mwendo gani, jibu la kweli ni "muulize mama hapa pembeni", na mama atasema arobaini, na nyote wawili mtakuwa mmesema kweli bila askari kusaidika.

Sasa mbao, na hapa tusimame kidogo.

Chini ya ile rangi nyekundu, bodi ya TC ni fremu ya mbao iliyofunikwa bati. Mti wenyewe Waingereza huuita ash. Ni mwepesi, hupinda bila kuvunjika, na hupokea misumari vizuri. Wakati wa mgawo wa chuma lilikuwa jambo la akili. Lakini kumbuka unaishi wapi. Vichuguu vya Katanga hufika mita 8 kwenda juu na mita 15 kwa upana. Mafundi wa tofali huchimba humo udongo wao, na kuna watu waliojenga nyumba nzima kutoka kichuguu kimoja. Mchwa waliojenga vitu hivyo hawajawahi kuonja ash ya Kiingereza. Usiwe wewe wa kuwaonjesha.

Gari lisilale juu ya udongo hata usiku mmoja. Lilale juu ya saruji, mbali na ukuta, bila mbao zilizoegemezwa karibu, bila maboksi, bila gunia la makaa. Kila asubuhi kabla ya chai chuchumaa na kurunzi utazame mahali matairi yanapogusa sakafu. Unachotafuta ni mfereji mwembamba wa udongo, wa upana wa penseli, unaopanda tairi kuelekea kwenye ubao wa kukanyagia. Ukiuona, usiufute kwa kidole ukaenda zako. Vunja kipande kidogo cha juu, usubiri. Ikiwa baada ya saa moja kimezibwa kwa udongo mbichi, wenyewe wako kazini, na walishafika ndani siku nyingi. Ng'oa zulia, chukua bisibisi, choma mbao za chini ya milango. Bisibisi ikigoma, shukuru Mungu. Ikizama kama kwenye bukari, yaani ugali wetu, mwite seremala.

Seremala atakuambia ash haifai, tuweke mninga. Atakuwa na nusu ya haki. Moyo wa mninga mchwa huukwepa, na ukiuweka kwenye mbao za chini utakaa kuliko wewe. Nguzo za milango ni habari nyingine: pale gari hujipinda likipita shimo, na mti unaokataa kupinda hupasuka. Pale mwache apige kelele, lakini aweke kitu chepesi. Akikuletea mukula, ule mti mwekundu uliokwenda China kwa makontena, kataa kwa adabu. Makaratasi ya ubao huo mmoja yanaweza kuzidi ya gari zima.

Tuje kwenye nati. Utanunua boksi zuri la spana za Kichina, zimepangwa kwa milimita, na hakuna hata moja itakayokamata. Utaazima spana za inchi za Kimarekani kwa dereva wa tingatinga, nazo zitateleza. Utahitimisha kwamba umeuziwa gari bovu. Sivyo. Mwaka 1923 Morris, mwenye MG, alinunua kiwanda cha Hotchkiss pale Coventry, kiwanda cha Wafaransa, na mashine zake zilikata nyuzi za bolti kwa milimita. Waingereza hawakutaka kutupa mashine nzuri, wala hawakutaka kuwanunulia mafundi wao spana mpya. Basi injini hizo zikawa na bolti zenye nyuzi za Kifaransa na vichwa vya Kiingereza, vya kipimo cha Whitworth, na ukoo huo ndio uliozaa injini ya TC. Bolti hiyo ni kama karani wetu wa mjini, Kifaransa akiwa ndani ya ofisi na Kiswahili akishatoka mlangoni. Ukimkosea lugha mahali pake, hakusikii.

Hapa ndipo mwongozo huu unabadilika sauti. Mwenye TC aliye Brussels bolti ikimkatikia huagiza Uingereza na kusubiri posta. Aliye Nairobi huuliza wenzake wa maonyesho ya Concours d'Elegance, yanayofanyika tangu 1970, ambako majaji huinama kutazama hadi uvunguni mwa gari na watu huvaa kofia nzuri. Wewe unapanda baiskeli kwenda mtaa wa Panda, hapahapa Likasi.

Karakana kuu za Panda zilijengewa migodi. Watu walikereza humo vyuma vya kila aina kwa miaka mingi, enzi za kampuni ya madini ya Union Minière na baadaye za Gécamines iliyoirithi, kwa sababu kipande cha mashine kikivunjika mgodini hakuna aliyekuwa na subira ya kungoja meli. Mwaka 2003 na 2004 Gécamines iliagana na wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia, na hiari yenyewe kila familia ya hapa ina maelezo yake. Lakini mikono haikuondoka na cheo. Mzee aliyezoea kukereza ekseli ya kinu cha kusagia mawe hatishwi na bolti ya kabureta.

Adabu ya kwenda kwake ni hii. Peleka kipande kilichovunjika, hata kama ni unga. Usipeleke picha ya simu. Usimwambie kipimo, yeye ana chombo cha kupimia kilichofungwa kwenye kitambaa, na atakitoa taratibu ili uone kwamba anacho. Atakigeuza kipande chako kwenye mwanga, atakinusa, atauliza kilitoka kwenye nini. Ukisema gari la Kiingereza la 1948, atanyamaza kidogo, kisha atasema chuma chao kilikuwa laini.

"Papa, nitakipata kesho?"

"Kesho ni ya Mungu, mwana. Acha hii kintu hapa."

Usihoji. Ukirudi siku atakayotaka yeye, utakuta bolti mbili badala ya moja, za chuma kigumu kuliko cha kwanza, nyuzi safi, na kichwa amekichonga kwa kipimo cha spana yako ya Kichina, kwa kuwa ameona haya mambo ya Waingereza ni usumbufu. Wenye magari haya huko Ulaya wangelia machozi kwa uharibifu huo wa asili. Wewe lipa, umnunulie bia ya Simba ya baridi, na umwombe akuchongee nyingine zote.

Umeme hauna maneno mengi. Gari zima linafanya kazi kinyume: upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye chasisi. Kijana wa simu atakayejitolea kukufungia chaja na redio hajui hilo, na utalijua wewe kwa harufu. Taa za mbele zilitengenezwa kwa barabara za watu wanaolala mapema. Usisafiri usiku.

Mafuta yana maneno zaidi. Hakuna mshale wa kuonyesha kiasi kilichobaki. Kuna kitaa kidogo cha kijani kinachowaka mafuta yakikaribia kwisha, na kitaa hicho nacho ni cha mwaka 1948. Tangi, lililoko mgongoni nyuma ya viti, hubeba lita kama 61, kwa hiyo lijaze kituoni ungali na akili timamu. Ukichelewa utaangukia mikononi mwa makadhafi, wale vijana wa vidumu na chupa kando ya njia, waliorithi jina la Kadhafi, aliyekuwa kiongozi wa Libya, bila kurithi visima vyake. Mimi siwasemi vibaya. Ila chuja mafuta kwa kitambaa kizito mara mbili, kwa sababu gari la sasa husamehe tone la maji na kabureta za SU hazisamehi.

Sikiliza pampu. Ukifungua swichi, chini ya boneti utasikia tik-tik-tik ya haraka, kisha polepole, kisha kimya. Kimya hicho maana yake kabureta zimeshiba na unaweza kuwasha. Tik-tik isiyokoma inakuambia tangi ni kavu au pampu inavuta hewa mahali. Kimya tangu mwanzo ni kwamba pampu imeganda, na dawa yake, inayojulikana dunia nzima, ni kuigonga kwa mpini wa spana. Si kwa nguvu. Watu watakaokuwa wamekuzunguka watadhani ni uchawi, waache wadhani.

Maana utazungukwa. Jambo hili hakuna shemeji anayelitaja. Gari lisilo na paa ni baraza. Utasimama sokoni Kikula kununua nyanya, na mtoto ataegemeza kidevu kwenye mlango wako, ambao kimo chake kimetengenezwa sawasawa na kidevu cha mtoto, na atauliza: "Papa, hii motoka, kichwa yake iko wapi?" Muonyeshe turubai lililokunjwa nyuma. Hataamini. Utakaporudi kutoka kwenye nyanya, viti vyote viwili vitakuwa na watu, na mmoja wao atakuwa ameshikilia usukani na kutoa sauti ya injini nzuri kuliko ya kwako. Na lolote utakaloacha wazi, hesabu halipo. Mwishoni mwa Juni 1960 Mfalme Baudouin alipita Léopoldville ndani ya gari la wazi, amesimama, na Ambroise Boimbo akajitokeza kwenye umati akaunyakua upanga wake. Kama mfalme aliyezungukwa na wanajeshi hakuweza kulinda upanga, wewe miwani yako ya jua iweke mfukoni.

Mvua ikianza, mnamo Novemba, turubai linapandishwa kwa mikono minne na maneno mengi, na likishafungwa maji hupita kwenye nafasi kati ya turubai na vipande vya pembeni vinavyojifanya madirisha. Vumbi la kiangazi hupita hapohapo. Kioo cha mbele hulazwa chini juu ya boneti, kwa ajili ya mashindano. Usikilaze nyuma ya lori la madini.

Halafu harusi. Kuanzia wiki ya kwanza, gari si lako, ni la ukoo, na ukoo unaoa. Binamu ataomba kwa upole, shangazi hataomba. Bibi harusi ana gauni lenye mkia wa mita kadhaa. Bwana harusi ana suti ya kuazima. Viti ni viwili, na wewe dereva ni mtu wa tatu. Nimeyasikia masuluhisho yote. Kumkalisha bibi harusi juu ya tangi la mafuta, huku msimamizi akivuta sigara kwenye gari la nyuma, ni suluhisho lisilofaa. Kumpa bwana harusi usukani ni baya zaidi, kwa kuwa giya ya kwanza haikubali kuingia gari likiwa linatembea na atakuwa na haraka. Suluhisho ni moja: bwana harusi aende na pikipiki. Akikataa, sema gari ni bovu. Kila mtu atakuamini. Wote wameiona pampu ikigongwa.

Wageni wachache wanaofika Likasi na kamera huulizia mambo mawili, wale Waairishi wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa hapa Septemba 1961 chini ya Kamanda Pat Quinlan, na Shinkolobwe iliyotoa urani ya bomu la Hiroshima. Wakikuona na gari hili watataka uwapeleke kote. Mahali pa mapigano wapeleke, waonyeshe mabonde, pokea matabishi, yaani bakshishi. Shinkolobwe usikanyage. Mgodi ulifungwa kwa amri mwaka 2004, na gari jekundu lisilo na paa lenye mzungu na kamera ndani si namna ya kupita mahali bila kuonekana.

Kama baada ya haya yote bado unalitaka, na mimi nakuelewa, mpigie shemeji. Mwambie asitazame rangi. Aende kwenye mlango. Milango ya TC ina bawaba upande wa nyuma, na uzito wake wote unaning'inia kwenye mbao. Aufungue, auache wazi, ashike ncha yake kwa vidole viwili na kuunyanyua. Ukipanda na kushuka, nguzo zimeoza chini ya rangi, na huo ukarabati wa mzee ni wa brashi. Ukikaa kimya, hiyo ndiyo kazi iliyofanywa. Rangi tutapaka Likasi, bolti zitachongwa Panda, na mchwa ni juu yako. Gari lililochubuka lenye milango imara, alipe siku hiyohiyo. Linalong'aa lenye mlango unaocheza amwachie Mbelgiji wake.